Majoho Yaliyonifikisha Mahakamani

Nakumbuka siku moja, mwanangu, nilisimama mbele ya hakimu pale Same nikiwa nimevaa gauni jipya nililolishona mwenyewe kwa ajili ya kesi. Usicheke. Nilikuwa nimeshtakiwa kwa kuvunja mkataba, na badala ya kukaa nikatafakari kosa langu, nilikaa wiki nzima nikitafakari kola. Ndivyo ujana ulivyo. Unampa mtu mkono mwepesi wa kazi na kichwa chepesi kuliko mkono.

Watani zetu husema Mpare yuko radhi kuuza ng'ombe apate nauli ya kufuatilia kesi ya kuku. Wakisema hivyo nacheka nao, maana nimeyaona kwa macho yangu. Lakini kesi yangu mimi haikuwa ya kuku. Ilikuwa ya majoho ishirini na manne ya kwaya, na aliyekosa nilikuwa mimi. Nakueleza yote bila kuficha. Aibu ya zamani ikishakomaa huwa kama ngozi ya ng'ombe, unaweza hata kuitandika ukaalika wageni.

Mimi ni mtoto wa Bendera, kule chini tambarare. Nilipomaliza la saba mama alinipeleka Same mjini kwa Bi Mwanaidi, mwanamke wa Kiislamu aliyekuwa na duka la vitambaa karibu na stendi. Barazani kwake palikuwa na vyerehani vitatu. Alinifundisha kazi miaka minne, akanipa cherehani kimoja nikiendeshe kwa jina langu pale pale barazani. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Ukikosea mshono, alikuwa anaufumua mbele yako kimya kimya, anakurudishia kitambaa, basi. Ule ukimya wake ulikuwa unauma kuliko kofi.

Basi siku moja akaja Mzee Senkondo, mwenyekiti wa kwaya ya kijiji kimoja cha juu milimani, upande wa Mamba. Alikuwa mrefu, mtaratibu, na kofia yake aliivua hata alipoongea na mimi niliyekuwa sawa na binti yake. Kanisa lao jipya lilikuwa linakaribia kuzinduliwa, wageni wangetoka kila upande, na kwaya ilitaka majoho. Kitambaa alikibeba mwenyewe mgongoni, rangi ya zambarau, kizuri cha kutosha.

"Binti, naomba tuandikiane," alisema. "Si kwamba sikuamini. Karatasi ni ya kutukumbusha wote wawili."

Tukaandikiana kwenye karatasi mbili za daftari, yake na yangu. Niliahidi majoho ishirini na manne, yawe tayari wiki moja kabla ya uzinduzi. Na kulikuwa na mstari mmoja alioutia yeye mwenyewe: fundi atapanda kijijini na kumpima kila mwanakwaya. Nikasaini, Mzee Senkondo akasaini, na Bi Mwanaidi akasaini kama shahidi. Ule mstari wa kupima nilisomewa, lakini masikio yangu yalikuwa kwenye sherehe ya uzinduzi. Nilishaanza kuwaona watu wakiulizana, "Kashona nani majoho haya?"

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Haikupita wiki mbili nikaletewa kazi ya harusi. Gauni la bibi harusi na magauni ya wasimamizi sita, ya watu wa mjini wenye gari. Mwanangu, kitambaa kile kiling'aa kama maji kwenye jua la saa sita! Nikayasukuma majoho chini ya meza. Mzee Senkondo akatuma ujumbe kupitia dereva wa gari la Mamba: "Fundi unapanda lini?" Nikajibu, "Jumamosi." Jumamosi ikapita. Akatuma tena. Nikajibu, "Jumamosi ijayo." Kupanda Mamba siku zile ulikuwa unaondoka Same asubuhi na kupitia Kisiwani, kisha gari linaanza kukwea kona baada ya kona, unafika kiuno kimekufa ganzi. Mimi nilikuwa na lulu za kushonea kifuani mwa gauni la watu.

Harusi ilipopita, siku zilizobaki hazikutosha kupanda, kupima, kushuka na kushona. Hapo ndipo nilipofanya werevu wa kijinga. Mzee Senkondo alikuwa ameniachia picha ya kwaya nione mtindo wa kola waliyoitaka. Nikaichukua ile picha, nikaiweka mbele ya cherehani, nikampima kila mtu kwa jicho. Waliokuwa nyuma wanaonekana warefu, nikawakatia marefu. Waliokuwa mbele wanaonekana wafupi, nikawakatia mafupi. Nikashona, nikafunga mzigo, nikaukabidhi kwa dereva. Sikupanda nao.

Sikujua, mwanangu, kwamba wale wa nyuma walisimama juu ya benchi, na wale wa mbele walikuwa wamekaa kwenye viti.

Mzigo ulifunguliwa asubuhi ya uzinduzi yenyewe, kwa kuwa nilichelewesha hadi siku ya mwisho. Nilisimuliwa baadaye. Mwimbaji wa besi aliyeitwa Yohana, mtu mrefu kuliko mlango wa nyumba yake, joho lilimfika magotini. Mama mmoja mfupi wa sauti ya kwanza alipotea ndani ya lake, wakabaki wanaliita jina lake. Wakayavua, wakayakunja, wakaimba na nguo zao za nyumbani mbele ya wageni wote.

Baada ya siku nne Mzee Senkondo akashuka Same. Hakuja kugombana. Alisema, "Binti, kosa limetokea. Njoo utupime, uyarekebishe, yaishe."

Hapo mlango ulikuwa wazi, mwanangu. Ningesema tu "nisamehe, mzee," nisingekuwa na kisa cha kukusimulia leo. Lakini kulikuwa na wateja wawili wamekaa wananisikiliza, na kiburi kikanishika ulimi. Nikasema, "Nguo ikishatoka kwa fundi haina marejeo. Nanyi mtakuwa mmeyafua, yamesinyaa."

 Mzee akavaa kofia yake. "Sawa," akasema. Wito wa mahakama ukanifikia kabla mwezi haujaisha. Nilidaiwa kuvunja mkataba, na kwaya iliomba irudishiwe kitambaa kama kilivyokuwa, au thamani yake. Nisingeweza. Kitu pekee cha maana nilichokuwa nacho duniani kilikuwa kile cherehani.

Pale stendi kulikuwa na jamaa tukimwita Wakili, ingawa shule aliishia la saba kama mimi. Kazi yake ilikuwa kunywa chai ya wenye kesi. Akaniambia, "Dada Nakundwa, wewe shikilia hapo hapo, yamesinyaa. Nani atathibitisha? Maji hayatoi ushahidi." Nikamwona ana akili kuliko watu wote wa Same. Bi Mwanaidi alituona tukinong'onezana. Alifumua mshono mmoja wa suruali ya mtu, akaendelea na kazi.

Siku ya kesi kwaya nzima ilishuka. Nzima! Walijaza mabenchi yote ya mahakama ya mwanzo, wengine wakasimama dirishani. Walikuwa wametoka nyumbani alfajiri, wakaanza kuimba kidogo kidogo kujipasha moto, mpaka karani akatoka kuwaambia hapa si ibadani. Hakimu alikuwa baba mmoja mwenye miwani, amekaa na wazee wawili wa baraza. Mmoja wao alikuwa mama mtu mzima aliyejifunga kitenge kifuani, macho madogo yasiyopepesa.

Mzee Senkondo alieleza madai yake bila kuongeza chumvi. Akasoma mkataba, akatoa majoho yawe kielelezo. Hakimu akasema, "Hebu mmoja wenu avae tuone." Wakamsukuma mbele Yohana. Akalivaa lile joho juu ya suruali yake ya kitambaa, akasimama katikati ya mahakama kama mnara uliovikwa aproni. Mikono ilikuwa imeishia kwenye viwiko. Mtu mmoja dirishani akakohoa, na mahakama nzima ikaangua kicheko. Hakimu alijifunika mdomo kwa faili. Yohana mwenyewe alikuwa anacheka hadi mabega yanatikisika. Mtu pekee ambaye hakucheka alikuwa mimi.

Zamu yangu ikafika. Nilishika Biblia nikaapa kusema kweli, na maneno ya kwanza yaliyonitoka baada ya hapo yalikuwa uongo. "Mheshimiwa, niliyakata kwa vipimo vilivyo sawa. Waliyafua kwa maji ya moto, yakasinyaa."

Hakimu akaandika. Ndipo yule mama wa baraza akanyoosha mkono, akaomba joho moja. Akaligeuza ndani nje, akaenda nalo dirishani penye mwanga. Akauliza kwa sauti ya chini kabisa, "Binti, yalifuliwa mara ngapi?"

"Mara mbili au tatu hivi, mama."

"Na wewe ukikata kitambaa unachora kwa nini?"

"Kwa chaki."

"Chaki ikiingia maji inakuwaje?"

 Alikuwa amelinyanyua joho, na pale ndani, pembeni mwa mshono, mistari yangu myeupe ya chaki ilikuwa imelala mibichi kama niliyoichora jana. Lile joho halikuwahi kuonja hata tone la maji. Njia ya mwongo ni fupi, mwanangu, na yangu haikufika hata mlangoni. Safari hii hakuna aliyecheka. Hakimu alinitazama, akatazama saa, akasema mahakama inapumzika nusu saa. Leo najua ile nusu saa alinipa mimi.

Nilitoka nje nikajibanza nyuma ya jengo. Wakili wa stendi nilimtafuta kwa macho, hayupo, amekwenda kunywa chai ya mwingine. Aliyenifuata alikuwa Bi Mwanaidi. Alikuwa amekaa benchi la nyuma muda wote, wala sikujua. Nilidhani atanipiga. Alisimama tu akajifunga vizuri khanga yake.

"Nakundwa, unajua jina langu limo kwenye ile karatasi?"

"Najua, bibi."

"Nilipoliandika, niliandika kwamba nakujua. Leo nimekaa mle ndani nasikia mtu nisiyemjua." Akanisogelea. "Mimi si wa dini yako. Lakini kile kitabu ulichokishika, mama yako kule Bendera analala nacho chini ya mto. Kukosea kukata si dhambi, mwanangu. Mimi nimeharibu vitambaa vingi kabla hujazaliwa. Ila fundi akiharibu, anafumua. Rudi ndani ukafumue."

Hayo tu. Akanipa ncha ya khanga yake nijifute uso, akatangulia.

Niliporudi nilisimama pale pale na gauni langu jipya. Nikamwambia hakimu, "Mheshimiwa, nimesema uongo. Hayakufuliwa. Sikupanda kuwapima. Nilipokea kazi nyingine, siku zikaniishia, nikawakatia kwa kutazama picha."

"Kwa kutazama nini?" hakimu akauliza.

"Picha, mheshimiwa. Waliosimama nyuma niliwaona warefu."

Sauti ya Yohana ikatoka kwenye mabenchi: "Kumbe! Mimi nilikuwa nimekaa!" Basi kicheko kikarudi upya, na safari hii, mwanangu, hata mimi nilijikuta nacheka na machozi yananitoka. Ule mzigo niliokuwa nimeubeba tangu siku ya kumkatalia Mzee Senkondo ulishuka kama mtu anapotua kuni.

Hakimu akaniambia kwamba kudanganya baada ya kiapo ni jambo ambalo angeweza kulichukulia hatua, na kwamba nisidhani kicheko kimelifuta. Alinikemea hadi masikio yakawaka. Kisha akamgeukia Mzee Senkondo, akamuuliza kama wako tayari kusuluhishwa au wanataka hukumu. Nikasubiri. Nilikiona cherehani changu kikipakiwa kwenye gari.

Mzee Senkondo hakujibu peke yake. Aliwageukia wanakwaya wake, wakanong'ona kwa Kipare kwa muda mrefu hata karani akaanza kupiga miayo. Halafu akasema, "Mheshimiwa, sisi shida yetu si binti huyu afilisike. Shida yetu ni majoho. Kile alichoandika, akifanye. Apande."

Ikaandikwa hivyo kuwa suluhu ya mahakama. Nipande, nikae kijijini kwa gharama zangu, nimpime kila mmoja, nirekebishe, nisishuke hadi la mwisho liwe limekubaliwa. Nikasaini. Bi Mwanaidi hakuambiwa asaini, na hakujitolea.

Nilipanda na cherehani changu kimefungwa juu ya gari. Nililala kwa Mzee Senkondo na mkewe, Mama Elinami. Asubuhi ya kwanza yule mama alinichukua shambani akanionyesha mteremko mrefu wa tangawizi. "Unaliona hili? Si letu," alisema. "Tulilima kibarua humu na kwaya nzima, msimu mzima, tukapata kile kitambaa chako." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananieleza tu, kama mtu anayeonyesha njia ya kwenda kisimani. Lakini mimi nilisimama pale nikiyatazama matuta yale, nikakumbuka nilivyokisukuma kitambaa chini ya meza kwa mguu. Nilitamani ardhi inimeze.

Niliwapima wote, kichwa hadi mguu. Waliokuja na majoho marefu ilikuwa rahisi, nilipunguza. Na vile vipande nilivyopunguza niliviunga kwenye mafupi, lakini havikutosha. Mama Elinami akatoa kitambaa cheupe kilichobaki kwenye pazia la madhabahu, nikaweka pindo jeupe chini na kwenye mikono. Joho lilipomkaa Yohana vizuri, wengine wakaanza kunung'unika: mbona yeye kapata pindo na sisi hatuna? Ikabidi niwatilie wote! Nilikaa kule wiki tatu. Nilikula makande mpaka nikahitaji kujipima mwenyewe. Jioni wakifanya mazoezi walinisimamisha kwenye sauti ya pili, maana, walisema, fundi aliyekaa bure ni hasara.

Jumapili waliyoyavaa kwa mara ya kwanza nilikaa benchi la mbele. Sitakueleza nilivyojisikia, utaniona mzee anayejisifu. Nitakuambia tu kwamba Mzee Senkondo, ambaye nilimfungia mlango, alinishukuru mbele ya watu kwa jina langu na la baba yangu.

Usidhani kila kitu kilirudi siku ile ile. Bi Mwanaidi alinipokea, akanipa mahali pangu barazani, lakini mteja akitaka tuandikiane, yeye alikuwa anamwambia, "Tafuteni shahidi mwingine." Ilichukua zaidi ya mwaka. Hadi siku moja nilimwambia mteja mbele yake, "Mama, kazi hii kwa tarehe hiyo siiwezi, mpelekee fundi mwingine." Mteja akaondoka. Bi Mwanaidi hakunisifu. Lakini mkataba uliofuata, alichukua kalamu yeye mwenyewe.

Sasa wewe, mwanangu, unaishi zama nyingine. Mimi nilisaini karatasi mbili kwa mwaka, wewe unakubali mikataba mitatu kabla ya chai, kwa kidole, kwenye simu, na hujasoma hata mstari. Unapokea kazi za watu kwa ujumbe wa sauti, huyu keki, huyu mapambo, huyu video ya harusi, na wote umewaambia "usijali." Ninakuomba ujali. Soma ule mstari uliotiwa na mwenzako kwa mkono wake, maana hapo ndipo alipoiweka roho yake. Mzee Senkondo hakujali sana rangi wala kola, alitaka watu wake wapimwe. Ningelielewa hilo, nisingeiona mahakama.

Na siku zikikuishia, maana zitakuishia, ahadi ni deni na deni halijifichi, nenda wewe kwa mtu kabla yeye hajaja kwako. Mwambie nimeshindwa, nipe siku kadhaa. Utaona aibu ya dakika kumi. Muungwana akivuliwa nguo huchutama, hatafuti wa kumsingizia. Mimi ile aibu ya dakika kumi niliikataa mbele ya wateja wawili, nikaja kuilipa mbele ya kijiji kizima. Na ukishtakiwa, usiione mahakama kuwa ni adui yako. Ni mahali ambapo watu wawili walioshindwa kusikilizana barazani wanasaidiwa kusikilizana. Ingia na kweli yako, hata kama imekonda, na uwaogope wanaokufundisha maneno ya kusema, kwa kuwa siku ya kuulizwa utakuwa peke yako.

Haya, nenda kazini, nisikucheleweshe. Mungu aibariki mikono yako, akupe wateja wenye subira na wewe usiizoee subira yao. Neno lako liwe zito kuliko sahihi yako. Na popote utakapoandika jina lako, milimani au tambarare, watu walisome wakitabasamu. Amina, mwanangu.